Haukuwa Ulevi, Ilikuwa Shingo

Kabla sijaugua nilikuwa mtu mkubwa, na sisemi kwa mafumbo. Mlango wa chumba cha mama yangu hapa Maskati nilikuwa naupita kwa ubavu. Viti vya plastiki vya arusini nilivivunja mpaka wenye shughuli wakawa wananiwekea benchi. Wazee wetu walitoka Unguja, ndani tunasema Kiswahili na nje Kiarabu, na katika ukoo wetu wote hakuna aliyepata umbo kama langu wala aliyefanya nilichofanya mimi. Naandika haya kwa sababu daktari wangu ameniomba, ili wagonjwa wa shingo na mgongo wapate moyo. Lakini najua watakaokuwa wa kwanza kusoma ni jamaa zangu. Na wao wasome vizuri.

Nilikwenda Amerika nikiwa kijana. Serikali haikunisomesha, wala ami yangu hakunisaidia, ingawa alikuwa na uwezo. Nilipokwenda kumwomba, mwanawe Khalfan alinicheka hapo hapo majlisini, sebuleni kwao.

"Bwana wee, wewe ukasome nini? Mwili wote huo, chakula kitafika kichwani kweli?"

Nilikwenda, nikaosha masufuria ya mkahawa, nikasoma chuo cha ufundi, nikapata diploma ya mitambo ya ubaridi. Diploma hiyo leo imo ndani ya fremu, ofisini kwangu mtaa wa Ghala, na kila anayeleta kiyoyozi kutengenezwa huiona. Asipoiona namwonyesha.

Chuoni hapo kocha mmoja aliniona nikipandisha friji ngazini peke yangu, mgongoni. Akaniuliza kama naweza kumsukuma mtu. Nikamwambia, mlete. Ndivyo nilivyoingia katika mpira wa Kimarekani.

Mpira ule si huu wetu. Wachezaji wanavaa kofia ngumu na mabega ya plastiki, timu mbili zinapangana uso kwa uso, na mimi nilikuwa mlinzi wa mstari wa mbele. Kazi yangu nitaieleza, kwa sababu ndiyo iliyonileta hospitali. Unainama, unaweka mkono mmoja chini kwenye nyasi, unainua macho. Mbele yako, karibu hata unasikia pumzi yake, kuna jitu kama wewe limeinama vilevile. Mpira ukitoka tu unamvaa kwa kichwa na mikono, unamtoa njiani, unakwenda kumwangusha mrushaji aliyejificha nyuma yake. Halafu unarudi, unainama tena. Mchana kutwa. Miguu inasukuma, mikono inapiga, na shingo ndiyo inayomeza yote.

Nilikuwa hodari. Chuo kikubwa kilinichukua, kisha timu ya kulipwa. Mwanzo nilikuwa wa akiba, wa kugongwa mazoezini na wenye majina. Halafu aliyekuwa mbele yangu akavunjika kifundo cha mguu, nikaingia mimi, na nafasi ile hakuipata tena. Uwanja mzima umesimama na kupiga kelele kwa sababu nimemlaza mtu. Nani katika jamaa zangu amepata kusimamiwa na uwanja mzima? Wao wakisimamiwa ni kwa kuwa wamechelewa kwenye karamu.

Ugonjwa ulianza huko, ingawa haukuwa na jina. Siku moja niligongana na mtu vibaya, kichwa kikarudi nyuma, na kitu kama moto kikanishuka kutoka shingoni mpaka kidole gumba. Mkono ukalala. Wachezaji wote wanaujua moto huo. Ukikupata unatikisa mkono, unangoja upoe. Daktari wa timu alinijia pembeni ya uwanja, akaninyooshea vidole viwili.

"Bana."

Nikavibana mpaka akakunja uso.

"Sawa, rudi ndani."

Hicho ndicho kilikuwa kipimo. Moto ule ulinirudia mara nyingi, na kila mara vilikuwa vidole viwili na rudi ndani. Nasema waziwazi: daktari anayelipwa na timu anautazama mchezo. Hakutazami wewe. Hakuna hata mmoja aliyenipiga picha ya shingo.

Watu wakifika hapa hungoja niseme kwamba najuta. Sijuti. Nilicheza mpira ule kwa nguvu zangu, nikala kwa jasho langu, nikamjengea mama yangu nyumba. Nilipozeeka kwa umri wa mpira, ambao si umri wa mtu, walileta vijana wapya. Asubuhi moja nikaitwa na kocha, na mchezaji akiitwa namna ile anajua asikae. Nilifunga mizigo yangu, nikarudi Maskati kifua mbele, nikafungua karakana yangu ya viyoyozi.

Nilimwajiri fundi Mkenya, Omondi, mtu wa kanisa na wa maskhara, mwenye mikono mizuri. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona. Nilikuwa nafunga injini ya kiyoyozi, skrubu inaniponyoka. Naiokota, inaponyoka.

"Bosi, hiyo skrubu imependa sakafu ama ni wewe umeichukia?"

"Fanya kazi yako."

"Naifanya. Lakini enda hosi wakuangalie. Hata jana kikombe kilikuponyoka."

"Mimi nimegongwa na majitu, Omondi. Skrubu haiwezi kunipeleka hospitali."

Mambo yakaendelea kuharibika taratibu, na hapo ndipo ubaya wa ugonjwa huu ulipo. Hauji kwa kishindo. Vidole vikawa vinene kwa ndani, kana kwamba nimevaa glavu. Vifungo vya kanzu vikawa vita ya kila asubuhi. Nikitembea nahisi nakanyaga godoro. Ngazini mguu wa kulia unagonga kidato. Mkojo ukinibana haungoji. Mara moja ulinishinda ndani ya gari, kwenye foleni ya barabara kuu, mtu mzima na ndevu zangu. Na nikiinamisha kichwa, umeme unanipita mgongo mzima hadi nyayoni. Kwa hivyo rukuu na sijida zikanishinda, nikaanza kusali kwenye kiti.

Msikitini hawakuniuliza naumwa nini. Walisema, "Amerika hiyo. Hataki tena kuweka paji lake chini." Nilisikia. Sikuwa na deni la maelezo kwao.

Halafu ami yangu akafariki, Mungu amrehemu, tukakaa matanga.

Desturi ya kahawa ya hapa ni nyepesi. Mmiminaji anapita na dele, birika la kahawa, mkono wa kushoto na vikombe mkono wa kulia. Anakupa kidogo, unakunywa, anakuongeza. Ukitosheka husemi neno. Unakitikisa kikombe, anakipokea, anamwendea mwingine. Basi. Nilikaa ukutani na wanaume wa ukoo, nikapewa kikombe. Mkono wangu wa kulia wakati huo ulikuwa na mtindo wake wa kurukaruka wenyewe. Nilionja funda moja, kikombe kikacheza, mmiminaji akakitwaa na kwenda zake.

Nikamwita. Akarudi, akamimina. Kikombe kikacheza tena, akakitwaa tena. Waliokaa karibu yangu wakaangaliana. Mmoja akajifunika mdomo kwa mkono.

Mimi nilijua ni amri ya Khalfan. Niambieni nani asingejua? Mtu aliyenicheka nikiomba msaada, sasa ndiye mwenye nyumba ya msiba, na mimi nanyang'anywa kahawa mbele ya watu. Nikapaza sauti.

"Hata kahawa mnaninyima? Kwenye msiba wa ami yangu?"

Nikasimama. Mguu wa kulia haukusimama nami. Niliangukia sinia ya tende, bakuli la maji likamwagikia busati. Khalfan akaja mbio.

"Astaghfirullah! Umekuja umelewa kwenye matanga ya baba yangu?"

"Nani kalewa?"

"Mikono inatetemeka, miguu haikai, sauti juu. Sisi hatumjui mlevi? Mtoeni huyu!"

Hakuna aliyenigusa. Nani angenigusa? Nilijiinua mwenyewe nikatoka, lakini ilibidi nishike ukuta mpaka mlangoni, na kule kushika ukuta ndiko kulikowathibitishia.

Nilipofika nyumbani, simu zilikuwa zimenitangulia. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mtandio kichwani, macho makavu.

"Njoo hapa. Inama."

"Mama, wamenizulia."

"Nshakwambia inama. Nataka nkunuse."

Mimi, niliyeangusha majitu, niliinama mama yangu aninuse mdomo. Nilipoinamisha shingo ule umeme ukaja mkali kuliko siku zote, magoti yakafa, nikaanguka na kichwa changu mapajani mwake.

"Yallah, utaniua mtoto wewe!" Hakunisukuma, lakini. Alininusa pale pale nilipolala. "Hunuki kitu ila tende. Basi we mgonjwa. Tangu lini?"

Nikageuzia macho ukutani.

"Nnauliza mimi, hauulizi ukuta. Tangu lini?"

Nikamwambia yote, hata habari ya mkojo. Akampigia simu Omondi mwenyewe, kwa kuwa mimi simu ilikuwa inaniponyoka. Asubuhi yake nilikuwa ndani ya pikapu ya karakana, mama katikati yetu. Njiani jamaa yetu mmoja alipiga kumwambia asihangaike na hospitali, kuna mzee anachoma chuma cha moto shingoni na watu wanapona. Mama akamjibu, "Mchome wako," akakata.

Hospitali nilimkuta Daktari Thuraya, bingwa wa upasuaji, binti wa watu wa Unguja kama sisi, mdogo wa umbo hata nikikaa tunatazamana sawa. Aliniambia nifumbe na kufumbua ngumi haraka. Nilifanya kama mtu anayekanda unga mzito. Aliniambia nitembee kisigino mbele ya kidole. Niliyumba, Omondi akanidaka. Kisha akaikwangua kucha ya kidole changu cha kati, na kidole gumba kikaruka chenyewe. Akarudia, kikaruka tena. Hakutabasamu tena baada ya hapo.

Picha ya shingo ilipotoka alituonyesha. Ndani ya uti wa mgongo hupita mshipa mkuu wa neva, unaopeleka amri kutoka kichwani mpaka mikononi na miguuni. Wangu ulikuwa umebanwa shingoni, kwa mbele na kwa nyuma, kama bomba la gesi ya kiyoyozi lililokunjwa. Mimi ni fundi wa diploma. Hakuhitaji kunieleza zaidi. Bomba likikunjwa, upande wa pili haupati kitu.

"Mifupa hii imegongwa miaka mingi," akasema. "Nani alikuruhusu kuendelea kucheza?"

"Vidole viwili," nikasema. Nikamweleza.

Akatikisa kichwa. "Leo unatembea. Ukikaa hivi, hutatembea. Na ukianguka vibaya mara moja tu, kama ulivyoanguka kwenye tende, huenda usiinue hata kijiko."

"Ukinipasua mikono itarudi?"

"Sikuahidi. Naondoa kinachobana. Kilichokufa sikifufui."

Niliitazama mikono yangu. Mikono hii ndiyo iliyonifanya mtu. Ilinitoa kwenye masufuria, ikanipeleka uwanjani, na uwanjani walipomaliza nami ndiyo iliyonipa karakana. Bila mikono, mimi ni mwili mkubwa tu wa kugeuzwageuzwa kitandani, na Khalfan atakuja kunitazama kwa huruma. Hilo la mwisho ndilo lililoniamulia.

"Nipasue," nikasema.

"Mpasue haraka," mama akasema, "kabla hajaanza kukwambia hana kitu."

Omondi alisema wataniombea kanisani kwao Ijumaa, siku ya mapumziko ya huku. Nikamwambia aombe, ila asiache karakana wazi.

Walinifungua kwa mbele, kooni. Wakatoa visahani vilivyoharibika baina ya mifupa, wakaweka vipande vya kuziba nafasi, wakafunga bamba la chuma kwa skrubu. Niliyekuwa nashindwa kufunga skrubu nikafungwa mimi. Nilipozinduka sauti ilikuwa kama ya chura, mate nameza kwa machozi, shingo imo ndani ya kola, na mpira wa mkojo umening'inia kitandani kila mgeni auone. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kusogeza vidole. Vilisogea, lakini kama vya mtu mwingine. Mpira wa mkojo ulipotolewa nililowesha shuka, na nesi mmoja mwembamba akanigeuza kama gogo akanisafisha. Nayasema haya kwa makusudi. Kuna mtu amelala mahali anadhani aibu hiyo ni yake peke yake.

Khalfan hakuja. Alituma mfuko wa machungwa. Niliurudisha na aliyeuleta. Mgonjwa wa shingo haponi kwa machungwa ya aliyemwita mlevi.

Mazoezi yalikuwa mabaya kuliko mazoezi yoyote ya uwanjani. Uwanjani unapigana na mtu; hapa nilipigana na kifungo. Walinipa ubao wenye vifungo vya kila namna, nikawa natoka jasho. Nyumbani mama aliona ubao hautoshi. Akanipakatisha ungo wa mchele alioutia choroko kwa mkono wake, nizitoe moja moja.

"Mama, hii ni kazi ya wanawake."

"Basi shindwa, nkajue mwanangu kashindwa na kazi ya wanawake."

Omondi alikuja siku moja akanikuta na ungo, akaegemea mlango akicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu ndiye alikuwa analaza Wamarekani? Choroko imekulaza bosi!" Nilimrushia moja. Ilimpata kwenye paji la uso, na kicheko chake kikakatika, kwa sababu kwa muda mrefu sikuwa nimeweza kushika kitu kidogo vile, sembuse kulenga. Mama akaenda jikoni ghafla, akisema kuna kitu kinaungua. Hakukuwa na kitu juu ya moto.

Kola ilipotoka na daktari akaruhusu, mwalimu wa mazoezi aliniambia nishuke sakafuni na kuinuka bila kushika kiti. Niliitazama sakafu. Halafu nikafanya nilichokijua. Nikainama, nikaweka mkono mmoja chini kama kwenye nyasi, nikainua macho, miguu ikakaa mahali pake. Nilisukuma nikasimama wima. Akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia, kaa chini, ni hadithi ndefu. Jioni yake nilishuka vilevile nyumbani, mkono kwanza, na paji langu likafika chini polepole. Shingo yangu haikunjiki kama zamani, lakini umeme haukuja. Nilikaa kwenye sijida ile muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Sikupona mwili wote. Vidole viwili vya mkono wa kushoto bado vina ganzi, na asubuhi za baridi ya kiyoyozi miguu hukakamaa. Lakini natembea, nafunga skrubu zangu, na mkojo unangoja nikiuambia ungoje. Alhamdulillahi, Mungu ndiye wa kwanza kushukuriwa. Kisha mama yangu na pua yake. Kisha Daktari Thuraya. Omondi nimekwisha mshukuru kwa mdomo, na akisoma hapa asidhani kuna likizo.

Wewe unayesoma na vidole vyako vinakuponyoka vitu, au unatembea kama juu ya godoro, au ukiinama unapigwa na umeme: usikubali mtu akukande shingo, usikubali chuma cha moto, wala usingoje ipite. Nenda wakupige picha. Na ukiona mtu anayumba, muulize anaumwa nini kabla ya kumwita jina. Hilo la mwisho nawaandikia ninaowajua.

Juzi Khalfan alimwozesha binti yake. Sikutaka kwenda, mama aliniambia nitakwenda. Nilikaa pale pale ukutani, majlisi ile ile, watu wale wale, na mmiminaji akaja na dele. Nilishika kikombe kwa vidole vitatu. Kilikaa kimya kama kimewekwa juu ya meza. Nikanywa, akamimina. Nikanywa, akamimina. Adabu inajulikana inaishia wapi, nami nikaipita. Watu wakaanza kuangalia. Mmiminaji akamtazama Khalfan, na Khalfan akaja, akapiga goti mbele yangu.

"Ndugu yangu, hutikisi?"

"Ukitaka nimalize, niambie kwa mdomo mbele ya watu hawa. Unaweza kusema mbele ya watu, mimi shahidi."

Aliutazama mkono wangu kwa muda mrefu. Kisha akalichukua dele kwa mmiminaji, yeye, mwenye nyumba, baba wa bi arusi, akanimiminia kwa mkono wake. Hakusema samahani. Kila nikimaliza alimimina, mpaka dele likatoa tone la mwisho na machicha.

Nikalinywa hilo pia. Halafu nikamtazama machoni, na mkono wangu, kwa amri yangu, ukakitikisa kikombe.